Sura ya 5: Afisa wa Udongo Hapigi Hodi Tena

Vitabu vya uhifadhi wa udongo vinavyosomwa katika vyuo vya kilimo duniani vina maneno mawili ya Kiswahili ambayo waandishi wake waliyaacha yalivyo: fanya juu. Mkulima anachimba mtaro unaokingama na mteremko, udongo anaoutoa anaurusha upande wa juu, na tuta linaloinuka hapo analipanda nyasi. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka yanakwama kwenye tuta na kuzama taratibu, na udongo yaliyokuwa yameubeba unatua papo hapo. Msimu hata msimu, kipande kilicho kati ya tuta na tuta hujisawazisha chenyewe mpaka mteremko unakuwa ngazi. Udongo ukirushwa chini, hiyo ni fanya chini: kazi yake ni nyepesi, lakini ngazi yake huchelewa. Panda kutoka Wote kwenda Mbooni, katika Kaunti ya Makueni, utaziona ngazi hizo mlima kwa mlima. Kila moja ilichimbwa kwa jembe, na mara nyingi aliyelishika jembe hilo alikuwa mwanamke.

Hazikuanza kwa hiari. Katika miaka ya 1930 Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, na serikali ya kikoloni ilikuwa imewabana Wakamba ndani ya eneo lao huku ardhi ya jirani ikiwa mikononi mwa walowezi. Nyasi zilipokwisha na makorongo yakaanza kufunguka, serikali ilisema kosa ni ng'ombe. Mwaka 1938 ng'ombe wakaanza kunyakuliwa na kuuzwa kwa nguvu. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, hadi Nairobi, nao wakakataa kurudi nyumbani mpaka wasikilizwe. Amri ya kuwachukua mifugo ikalegezwa. Yeye mwenyewe akahamishiwa Lamu. Kuchimba matuta nako kulikuwa kwa amri: siku za kazi zimepangwa, mwenye kukosa anaadhibiwa. Huko Murang'a, mwishoni mwa miaka ya 1940, wanawake waliyatupa majembe na kusema hawachimbi tena.

Baada ya uhuru matuta mengi yaliachwa yakabomoka, kwa sababu watu walikuwa wameyajua kama adhabu. Kilichoyarudisha ni mwethya, yale makundi ya Wakamba ya kusaidiana kazi shamba kwa shamba, na kuanzia mwaka 1974 mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Sweden. Safari hii afisa alikuja na uzi na pimamaji, akapima usawa wa shamba bila malipo, akamwonyesha mwenye shamba pa kuchimba. Mwaka 1994 watafiti waliochunguza Machakos waliandika jambo lililowashangaza wengi: idadi ya watu ilikuwa imeongezeka mara nyingi tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Nimeanza na historia hii kwa sababu bibi zetu walimjua afisa wa udongo. Alikuja kwanza na askari, baadaye akaja na uzi, lakini alikuja. Leo hapigi hodi. Katika wadi nyingi afisa wa kilimo ni mmoja, na eneo analopaswa kulizunguka ni kubwa kuliko uwezo wa pikipiki moja. Fedha za kuwasaidia wakulima zipo, tena katika mifuko mingi kuliko wakati wowote wa nyuma, ila sasa mkulima ndiye anayetakiwa kuzitafuta. Nimekaa katika mikutano mingi ya vijijini, na anayezipata si yule mwenye shida kubwa zaidi. Ni yule aliyejua mlango na siku.

Tuanze na mlango. Kenya ina serikali mbili zinazomgusa mkulima, na ukizichanganya utapoteza siku nzima kwenye foleni isiyo yako. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa serikali kuu sera ya kilimo, na kilimo chenyewe likaipa kaunti. Tangu kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, afisa wa kilimo wa wadi, daktari wa mifugo na vituo vya mafunzo kwa wakulima viko chini ya gavana. Mbolea ya bei nafuu iko chini ya serikali kuu. Misitu mikubwa ya serikali iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ambalo ni la serikali kuu, lakini miche unayogawiwa kwenye baraza inaweza kuwa imetoka KFS, kaunti, au afisi ya mbunge. Nilipotafuta miche mara ya kwanza, afisi moja ilinituma kwa nyingine, hiyo ikanirudisha kwa ile ya kwanza, na mvua zikaanza nikiwa bado nina karatasi mkononi. Hakuna aliyenidanganya. Kila mmoja alijibu kuhusu serikali yake tu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "msaada upo?", uliza "mradi huu ni wa nani?"

Mlango wa kwanza uko kwa chifu, na wengi huupuuza kwa kuwa hauna sura ya kilimo. Ni usajili wa wakulima. Mpango wa sasa wa mbolea ya ruzuku ulipoanza mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 ambao dukani ulikuwa umepita shilingi 6,000 ulitolewa kwa 3,500, na mwaka uliofuata ukashuka hadi 2,500. Ili kujua nani apewe, serikali kuu iliagiza machifu na manaibu wao waorodheshe wakulima nchi nzima: kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba, unalima nini, unafuga nini. Ujumbe wa kukuruhusu kununua huja kwa simu, na idadi ya mifuko hutokana na ekari ulizoandikisha.

Hapo ndipo watu wengi wameumia. Kuna aliyeandikisha nambari ya mwanawe aliyeko Mombasa, na ujumbe ukamfikia kijana asiyejua ni wa nini. Kuna aliyepoteza laini, akanunua nyingine, akadhani serikali itajua. Kuna aliyepunguza ekari akihofia kodi ya ardhi, na sasa anaruhusiwa mfuko mmoja. Kuna mama aliyeachwa nje kabisa kwa sababu mumewe ndiye aliyeandikishwa, na mume anafanya kazi Nairobi na hajashika jembe kwa miaka 10. Kama uko katika mojawapo ya hali hizi, nenda kwa naibu wa chifu kabla ya msimu ukaombe marekebisho. Usingoje mbolea ifike depo ya Bodi ya Nafaka ndipo uanze kueleza. Na usajili huo usiudharau hata kama hutumii mbolea ya dukani, kwa maana daftari likishakuwepo, ndilo serikali huligeukia kila inapopanga kugawa kitu kingine.

Neno moja kuhusu mbolea yenyewe. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa katika mpango huo haikuwa mbolea, na serikali ikalazimika kuahidi fidia. Ahadi ya fidia hufuatwa kwa ushahidi. Weka risiti, weka mfuko mtupu wenye nembo na nambari zake, na kama mbolea ina dalili ya mchanga, mwite afisa kabla hujaimwaga shambani.

Mlango wa pili ni kikundi. Hili limekuwa gumu kwa wakulima wanaojitegemea, na nawaelewa, kwani vikundi vingi vimevunjika kwa mweka hazina kuhama na daftari. Lakini miradi mikubwa haimpi mtu mmoja mmoja. Mradi wa NARIGP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika kaunti 21, Makueni ikiwemo, ulipeleka fedha zake vijijini kwa vikundi vya wakulima wenye shughuli moja, na NAVCDP ulioufuata katika kaunti 33 ukaendelea na njia hiyo ya vikundi na kuviunganisha na sako, yaani vyama vya akiba na mikopo. Mtu binafsi mwenye wazo zuri alibaki akitazama.

Kikundi husajiliwa katika afisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi inataka wanachama wasiopungua 10, katiba na uongozi uliochaguliwa. Haihitaji wakili. Kilicho kigumu ni kumbukumbu. Mradi ukija, afisa ataomba kuona kumbukumbu za mikutano, akaunti ya benki na michango ya wanachama, na kikundi kilichosajiliwa wiki iliyopita kitajulikana mara moja. Kikundi kinachosonga mbele ni kile kilichokuwa kikikutana miaka miwili kabla mradi haujasikika, kikizungusha shilingi 100 kila wiki, kikichimbiana matuta kama mwethya wa zamani. Ukamba una bahati hapa: mazoea hayo yapo tayari, yamekosa cheti tu. Chukua kundi ambalo tayari mnazikana na kuchangiana arusi, mkalisajili.

Pia uliza kaunti yako imechagua mazao gani. Katika miradi hiyo kila kaunti huteua mazao au mifugo michache ya kuendeleza, na ombi lililo nje ya orodha hiyo hurudishwa hata likiwa limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Nimeona kikundi cha wafugaji nyuki kikikataliwa kwa kukosa swali hilo moja.

Sasa nifike kwenye uhifadhi, kwa maana hapa ndipo fedha zimejificha zaidi. Ukiingia afisi ya kaunti ukauliza "mradi wa matuta", huenda ukaambiwa haupo. Fedha za kuzuia mmomonyoko siku hizi hazina jina hilo. Zimo ndani ya tabianchi, ndani ya maji, ndani ya misitu.

Za tabianchi ndizo za kuanza nazo, na Makueni ina haki ya kujivunia. Mwaka 2015 ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza nchini kuweka kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi, ikautengea asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo. Uamuzi wa mradi gani ufanywe uliwekwa mikononi mwa kamati ya wadi, yenye watu wa hapo hapo. Utaratibu huo, uliojaribiwa pia Isiolo, Wajir, Garissa na Kitui, ndio uliokuja kuenezwa nchini na mpango wa FLLoCA, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2021. Kwa hiyo uliza jambo hili katika kaunti yoyote uliyopo: kamati ya tabianchi ya wadi yetu ni akina nani, na inakutana lini? Bwawa la mchanga, ukarabati wa korongo, matuta juu ya chanzo cha maji, kitalu cha miche: yote haya hupita mbele ya kamati hiyo. Kama hujui jina la mwanakamati hata mmoja, hujachelewa, lakini kazi yako ya wiki hii ni hiyo.

Bwawa la mchanga lastahili maelezo, kwani kuna watu hulikataa wakidhani wanajengewa kitu kilichojaa. Ukuta wa zege hujengwa kukingama na mto wa msimu, juu ya mwamba. Mafuriko yanapopita huacha mchanga nyuma ya ukuta, mpaka unajaa. Maji hubaki ndani ya mchanga, jua halifiki kuyakausha, mbu hawazaliani, na kiangazi mtu anachimba kidogo au anafungua bomba anapata maji safi. Ndiyo sababu Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga wake mwaka huohuo wa 2015. Lori la mchanga likitoka mtoni limeondoka na tangi la maji. Lakini bwawa bila matuta mlimani hujaa tope badala ya mchanga, na tope halitoi maji. Kikundi kinachoomba bwawa huku milima iliyo juu yake iko uchi kinaomba hasara, na afisa mzuri atawaambia hivyo. Chimbeni kwanza matuta kwa mikono yenu, kisha muombe ukuta. Ombi la namna hiyo lina nguvu maradufu, kwa sababu anayesoma anaona kazi iliyokwisha kuanza.

Katika maji kuna chama cha watumiaji wa maji wa bonde dogo la mto, WRUA, kinachotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016. Chama hicho kinaweza kuomba fedha kwa Mfuko wa Sekta ya Maji ili kulinda kingo za mto na vyanzo. Kwa wanaopakana na misitu kama Mbooni, Kilungu au Nzaui, kuna chama cha jamii cha msitu, CFA. Kwa makubaliano na KFS wanachama huruhusiwa kuweka mizinga au kukata nyasi, nao husaidia kulinda na kupanda. Kumbuka pia kwamba kanuni za mwaka 2009 zilimtaka kila mwenye shamba kuwa na miti kwenye asilimia 10 ya ardhi yake. Sharti hilo likichukuliwa kama amri, linaudhi. Lichukue kama hoja: "Serikali inanitaka nipande, basi miche iko wapi?" Kwa ukame wetu, uliza mukau. Mbao zake hazishambuliwi upesi na mchwa, na watafiti wa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, wenye vituo Kitui na Kibwezi, wameushughulikia mti huo kwa miaka mingi.

Mkopo usiuchanganye na haya. Shirika la Fedha za Kilimo, AFC, lipo tangu 1963 na limewainua wengi, lakini fedha zake hurudishwa na riba. Yeyote anayekuletea fomu na kusita ukimuuliza kama ni mkopo au ruzuku, mrudishie fomu yake. Na fomu za ruzuku haziuzwi. Kijana anayezunguka sokoni akikusajili kwa shilingi 200 anakula jasho lako.

Nimesema mlango na siku. Siku ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu serikali na mvua hazifuati kalenda moja. Ukambani tunategemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, kuliko za masika. Matuta huchimbwa Agosti na Septemba, ardhi ikiwa wazi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Lakini mpango wa mwaka huo unakuwa umefikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Hebu hesabu: mkulima aliyetaka jembe, sururu na mbegu za nyasi kwa vuli ya 2026 alipaswa kusikika kabla ya Septemba 2025, zaidi ya mwaka mzima mbele. Anayekwenda afisini Oktoba, mvua ikinyesha, anaambiwa "haikuwekwa kwenye bajeti", na anayemwambia anasema kweli.

Baada ya Septemba kuna nafasi nyingine mbili. Kufikia tarehe 28 Februari kaunti hupeleka bungeni waraka unaogawa fedha kwa idara, na ndipo kilimo hupata au hukosa fungu lake. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe huwasilishwa, mradi kwa mradi, wadi kwa wadi. Sheria inataka wananchi washirikishwe, na tangazo la mkutano hubandikwa kwenye ubao wa afisi ya msimamizi wa wadi au husomwa redioni, mara nyingi siku chache tu kabla. Makueni, tangu wakati wa gavana wake wa kwanza, Kivutha Kibwana, ilijizoesha kuanzia mikutano hiyo kijijini na kupanda ngazi kwa ngazi, na kaunti nyingine zilikwenda kujifunza huko. Penye mazoea hayo, mtu mmoja aliyetumwa na kikundi chake, mwenye karatasi yenye ombi moja lililoandikwa wazi, hufanya zaidi ya watu 50 wanaosimama mmoja mmoja kulalamika. Wanawake, nendeni mikutano hiyo na mkae mbele. Nimehesabu zaidi ya mara moja mkutano uliojaa wanaume ukipitisha barabara tano bila hata kisima kimoja.

Limebaki tatizo la lugha. Mipango hii yote huandikwa kwa Kiingereza, kurasa mamia, na mkulima aliyesoma shule ya msingi tu huitazama akaona haimhusu. Inamhusu, na sheria iko upande wake kwa namna ambayo wachache wanaijua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kuandika ombi lake kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika, afisa anapaswa kumwandikia. Kuwasilisha ombi ni bure. Kinacholipiwa ni gharama ya kunakili. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na likikosekana, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi wanaijua kama afisi ya Ombudsman. Barua yenyewe haihitaji kuwa ndefu:

"Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba orodha ya miradi yote ya kilimo, maji na uhifadhi wa udongo iliyotengewa fedha katika wadi yetu mwaka huu wa fedha, kiasi cha kila mradi, masharti ya mkulima au kikundi kushiriki, na afisi inayousimamia."

Weka jina lako, nambari ya simu na jina la wadi. Toa nakala mbili. Moja iache afisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Kisha anza kuhesabu siku 21.